Wimbo Tulioucheza Bila Kuusikia

Jumamosi iliyopita niliombwa kuzungumza na walimu, wanakwaya na vijana wapenzi wa vitabu katika ukumbi mmoja hapa Kisumu. Wengi ambao hawakufika wameniandikia wakiitaka hotuba. Hii hapa yote, pamoja na makatizo yake.

Oimore uru! Mulembe! Hamjambo, wazee wetu, akina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na birika la chai? Nawaona. Mandazi pia nayaona.

Naona stima zimetuacha. Nilikuja na spika na nyimbo sita kwenye simu, na fundi anasema tungoje kidogo. Mimi nimefundisha miaka 32, mingi yake katika madarasa ambayo hayakuwa hata na soketi ukutani, kwa hivyo hatutangoja. Nitasema, na pale panapohitaji wimbo tutatumia koo alizotupa Mungu.

Nianze na matatu. Juzi nilipanda gari pale Kondele nikija mjini. Muziki unapasua masikio. Makanga amening'inia mlangoni anatikisa kichwa, abiria wanapiga miguu sakafuni, na hata mimi na goti langu hili nilikuwa napiga mguu. Wimbo ulikuwa "War" wa Bob Marley. Nikamgusa kijana aliyekaa kando yangu, nikamuuliza: mwanangu, huyu anasema nini? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Mwalimu, hiyo ni reggae tu."

Reggae tu!

Ndugu zangu, maneno ya wimbo ule hayakuanzia Jamaika. Tarehe 4 Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya bendera yetu kupanda, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York. Akasema kwamba mpaka itupiliwe mbali ile imani kwamba watu wa rangi moja ni bora na wa rangi nyingine ni duni, mpaka rangi ya ngozi ya mtu isiwe na uzito kuliko rangi ya macho yake, amani ya dunia itabaki kuwa ndoto. Akaitaja Angola. Akaitaja Msumbiji. Akaitaja Afrika Kusini. Hotuba ikachapwa, ikatiwa kwenye majalada, ikalala. Miaka 13 baadaye Marley akayachukua maneno yale, karibu vile vile yalivyo, akayatia besi na ngoma.

Maneno yale yale. Sasa niambieni: nani hapa amewahi kuisoma hotuba ya Mfalme? Mkono juu. Mikono miwili, na mmoja ni wa mwalimu wa historia, huyo hahesabiki. Nani amewahi kuusikia wimbo? Haya, geukeni mtazame. Ukumbi mzima!

Wimbo umesafiri kutoka New York hadi Kingston, kutoka Kingston hadi Kondele. Umefika mlangoni kwetu, unabisha hodi. Nasi tumeipenda sauti ya kubisha, tunaicheza, na mlango bado umefungwa. Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Nimealikwa nieleze jinsi mashairi na nyimbo za kupinga dhuluma ya rangi zinavyowafungua watu macho. Zinafungua, ndiyo. Lakini nimeishi kiasi cha kutosha kujua kwamba mtu anaweza kuimba wimbo wa namna hiyo maisha yake yote, kwa sauti nzuri, na macho yakabaki yamefumba. Najua kwa sababu mtu huyo nimekuwa mimi.

Nyanya yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Gem, huku huku Ujaluoni. Alikuwa na wimbo wake wa kusagia, pale kwenye jiwe, mtama unalia kruu, kruu, naye anaimba kwa Kijaluo juu ya mbuzi. Mbuzi, anauliza, amefungwa kengele shingoni ili asipotee. Je, mume wangu alipotea lini hata akafungwa kengele? Sisi watoto tulikuwa tunacheka hadi tunaanguka. Baba mzima kufungwa kengele! Tulikuwa tunamwomba auimbe tena, nasi tunamzunguka tukilia kama mbuzi, mee, mee. Hakutukemea hata siku moja. Alikuwa anatazama unga.

Nilikuwa tayari mwalimu, nyanya amekwisha kuzikwa, mzee mmoja aliponiita nyumbani kwake anionyeshe alichoachiwa na babake. Akakitoa ndani ya soksi. Kijikebe cha chuma, chembamba, kimeshika kutu pembeni, kina mahali pa kupitisha uzi. Nikakifungua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa hata mikunjo yake imetoboka: jina, kabila, alama za vidole, na majina ya waajiri, na mshahara aliolipwa. Kipande. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni. Mzungu hakuvaa. Mhindi hakuvaa. Ukitoroka kwenye shamba la mlowezi, karatasi ile ndiyo iliyokurudisha.

Kile chuma kilikuwa baridi mkononi. Nikamsikia nyanya. Kruu, kruu. Mbuzi amefungwa kengele.

Miaka zaidi ya 30 wimbo ule ulikuwa ndani yangu, mzima, na kila neno lake nalijua. Nilikuwa nimesoma habari za kipande chuoni. Nilikuwa nimezifanyia mtihani, nikapata alama nzuri. Nilijua kwamba tarehe 23 Desemba 1921 watu walikutana Lundha, huko huko Gem, wakalalamikia kipande na kodi ya nyumba na nchi yao kugeuzwa koloni. Mkutano ule na harakati yake watu waliita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, kwenye kabati moja. Wimbo wa nyanya ulikuwa kwenye kabati lingine. Hayakuwahi kukutana mpaka siku ile nilipokishika kijikebe cha mtu.

Kwa nini hakutueleza? Nimejiuliza sana. Nadhani aliona watoto wanacheka, akaona kheri wacheke.

Tuvuke bahari sasa. Akina mama wa chai, nawaomba mkae kidogo, hadithi hii inawahusu wanaoandaa meza.

Kulikuwa na mwalimu kule Bronx, New York, jina lake Abel Meeropol. Mwalimu wa sekondari kama mimi, Myahudi. Aliona picha ya vijana wawili Weusi walionyongwa mtini na umati wa watu katika mji wa Marion, jimbo la Indiana, mwezi wa Agosti 1930. Si kunyongwa na mahakama. Umati uliwatoa jela ukawatundika. Na chini ya mti, watu wamesimama wanaangalia kamera, wengine wanatabasamu, kama watu waliokuja harusini. Mwalimu yule akaandika shairi. Likachapwa mwaka wa 1937 katika gazeti la chama cha walimu. La walimu, jamani! Mnajua sisi walimu tunavyosoma magazeti ya chama chetu. Kisha akalitia sauti, likaitwa "Strange Fruit", tunda la ajabu.

Beti tatu. Mistari 12. Halitaji wauaji. Halisemi "ubaguzi". Halimlaani mtu. Linazungumza juu ya miti ya kusini mwa Marekani na tunda linaloning'inia humo. Linakupa harufu tamu ya maua, na kabla hujaishusha pumzi, linakupa harufu ya nyama inayoungua. Basi.

Mwaka wa 1939 shairi hilo likamfikia Billie Holiday, mwimbaji Mweusi wa miaka 23. Alikuwa akiimba katika klabu moja ya New York iliyoitwa Café Society, mahali ambapo Weupe na Weusi waliketi pamoja, jambo lisilokuwa la kawaida siku zile. Watu walikwenda kula, kunywa, kusikia nyimbo za mapenzi. Sasa sikilizeni mpango uliowekwa kwa wimbo huu mmoja. Ungeimbwa mwisho. Kabla haujaanza, wahudumu wanaacha kuhudumu. Hakuna sahani, hakuna gilasi, hakuna bili. Taa zote zinazimwa, inabaki moja tu usoni pa mwimbaji. Anaimba. Wimbo ukiisha, taa ile nayo inazimwa. Zikiwashwa tena, jukwaa ni tupu. Watu wapige makofi wasipige, harudi.

Mnaona akili iliyotumika hapo? Waliomzunguka walijua binadamu alivyo. Ukimwachia uma mkononi, atausikiliza wimbo kwa tumbo. Ukimwachia mwimbaji wa kumshangilia, atashangilia, na akishashangilia ataona deni limelipwa. Yeye makofi yake ametoa, wamelingana! Kwa hivyo wakamnyima. Wakamwacha gizani na tunda lile.

Kampuni iliyokuwa ikimrekodi iliogopa kuutoa. Akaurekodi kwa kampuni nyingine, ndogo. Na mwenyewe alisimulia kwamba kila alipouimba alimkumbuka babake, aliyefariki Texas mwaka wa 1937 baada ya kukosa matibabu kwa ajili ya rangi yake.

Chuo cha Tuskegee kilikuwa kikihesabu watu waliouawa na umati namna ile. Kati ya 1882 na 1968 kilihesabu Weusi 3,446. Nimewatajia hesabu hiyo, nani ameguna? Hakuna. Nilipotaja harufu ya nyama, dada yule wa kitambaa cha kijani ameshika mdomo.

Lakini nisiwadanganye, maana wapenzi wa muziki tuna tabia ya kusema nyimbo hubadilisha dunia, na tukishasema tunakwenda kulala. Wimbo ulitoka mwaka wa 1939. Sheria ya taifa zima la Marekani inayotaja uovu ule kuwa kosa mahsusi ilitiwa saini mwaka wa 2022. Hesabuni. Miaka 83! Wimbo hauna polisi wala bunge. Kazi yake ni kukuondolea kisingizio cha kusema hukujua, na kazi hiyo ni kubwa, lakini usiipe kazi nyingine juu yake.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Naona wanafunzi wangu wa zamani wawili hapa, wameanza kucheka kabla sijaanza.

Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa na kwaya. Tukaenda tamasha la muziki na wimbo wa Afrika Kusini, "Ndodemnyama". Niliupata kwenye sahani ya santuri ya Miriam Makeba na Harry Belafonte. Wimbo mtamu huo, mwepesi, unakwenda kama watu wanaoteremka mlima. Nikawafundisha sauti nne, nikaweka na hatua za miguu, na zaidi ya yote nikawafundisha kutabasamu. "Meno! Nataka kuona meno!" Nilikuwa nasema hivyo, sivyo? Tulishinda. Cheti kilitundikwa ofisini.

Nje ya ukumbi akanifuata mwanamke mmoja wa Afrika Kusini, muuguzi, aliyekuwa akiishi huku kwa sababu kwao hangeweza kurudi. Nikadhani anakuja kunipongeza. Akanishika mkono, akaniuliza polepole: "Mwalimu, unajua aliyeutunga wimbo huu yuko wapi?" Nikasema sijui, labda Johannesburg. Akasema: "Walimnyonga."

Vuyisile Mini. Mtu wa chama cha wafanyakazi kutoka Port Elizabeth, mwenye sauti nzito ya besi. Wimbo wake unamwambia Verwoerd, waziri mkuu aliyeusimika ubaguzi ule wa apartheid, ajihadhari, Mwafrika huyo anakuja. Ni onyo. Mini alishtakiwa kwa kuhujumu serikali na kushiriki mauaji ya msaliti. Akaambiwa atoe ushahidi dhidi ya wenzake apone. Akakataa. Tarehe 6 Novemba 1964, pamoja na Wilson Khayinga na Zinakile Mkaba, akanyongwa Pretoria. Mfungwa mmoja aliyekuwamo gerezani alisimulia baadaye jinsi sauti ya Mini ilivyosikika ikipenya kuta, akiimba. Akazikwa kaburi la fukara. Mwaka wa 1998 ndipo mifupa yake ilipofukuliwa na kurudishwa kwao kwa heshima.

Nami nilikuwa nimewaambia watoto waonyeshe meno.

Jumatatu niliwakusanya chini ya mwembe. Sikuwa na hotuba. Niliwaambia tu niliyoambiwa, kama nilivyowaambia nyinyi sasa, kisha nikatoa noti ya kuanzia. Hatukubadilisha kitu. Sauti zile zile nne, mwendo ule ule. Sikuhitaji kumwambia mtu yeyote abadili uso wake. Na hapa kuna jambo ambalo bado linanishangaza: wimbo haukuwa wa huzuni. Ulibaki na ile furaha yake. Sasa tu tuliogopa furaha ile, kama unavyomwogopa mtu anayekucheka usoni huku umemshikia panga.

Kuna aina nyingine ya kufunguliwa macho, nayo huuma zaidi kwa sababu anayeonyeshwa ni mwenye nyumba. Mnajua kwamba mshairi Okot p'Bitek alitembea barabara za mji huu? Alipotoka Uganda miaka ya mwisho ya 1960 alifanya kazi hapa Kisumu, na mwaka wa 1968 akatuandalia tamasha la sanaa. Watu wanalijua jina lake, wanalijua shairi lake la Lawino lililotoka mwaka wa 1966, lakini hawajui kwamba alikuwa jirani. Lawino ni mke anayemlalamikia mumewe msomi, Ocol, ambaye ameuonea haya weusi wa watu wake, na nywele zao, na vyakula vyao. Mzungu hayupo chumbani. Ameshaondoka, ameacha dharau yake kitandani.

Nililisoma darasani pale Lawino anapozungumzia nywele. Wasichana wakacheka sana. Mmoja hakucheka. Alikuwa na alama ya kuungua juu ya sikio, mbichi, ya kitana cha moto cha wikendi. Aliifunika kwa kiganja mpaka kengele ikalia. Siwezi kuwaambia aliwaza nini, sikumuuliza. Lakini tembeeni hapo sokoni Jubilee, mtazame mafuta ya kujichubua yalivyopangwa, mniambie kama Ocol amekufa.

Nimebakiza moja, nalo sijawahi kulisema hadharani.

Tumezungumza kana kwamba nyimbo siku zote zinasimama upande wa anayeonewa. Hapana. Nilipokuwa mtoto, kabla ya uhuru, tulikuwa na wimbo wa kuwakejeli Wahindi. Sitaurudia. Ulikuwa na mdundo mzuri, wa kupiga makofi na kuruka. Tulikuwa tunauimba nje ya duka moja, hapa hapa mjini, jioni tukitumwa chumvi. Mtasema, lakini wao walipanda daraja la pili kwenye gari moshi na sisi la tatu, na shule zao zilikuwa na madirisha. Ni kweli. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umepangwa na wenye kuupanga, kila mtu na ngazi yake, na sisi wa chini tulimrushia mawe aliye karibu kwa sababu wa juu hatukumfikia. Hiyo ni sababu. Sijui kama ni udhuru.

Jioni moja mtoto wa mwenye duka akatoka nje. Wa miaka minne, mitano, miguu wazi, ameshika biskuti. Akasimama akitutazama tunavyoruka. Kisha akaanza kupiga makofi na biskuti yake. Akaanza kuruka. Akaanza kuuimba wimbo pamoja nasi, kwa sauti ya juu, maneno yote, huku akicheka, kwa sababu aliupenda mdundo.

Sisi tukanyamaza mmoja mmoja. Akabaki anaimba peke yake.

Mamake akatokea mlangoni. Kijaluo alikijua vizuri, ndicho alichouzia. Hakusema neno. Akamnyanyua mtoto, akaingia naye ndani, kisha akarudi, akanipimia chumvi yangu, akanipa na chenji.

Nimeusikiliza wimbo wa Billie Holiday mara nyingi, nimewafundisha watu habari za Mini. Lakini kama mnataka kujua ni lini hasa macho yangu yalifunguka, ilikuwa pale, na aliyeyafungua alikuwa anaimba wimbo mbaya kuliko yote niliyowahi kuimba, na hakujua maana yake.

Haya. Fundi anaashiria kwamba stima hazirudi leo. Ni sawa. Binti yangu, wewe wa sweta la shule, njoo hapa mbele. Huyu anaimba kwenye kwaya iliyokuwa yangu, na ataimba wimbo wa Mini. Vijana wa dirishani, fungeni hayo mapazia, yote. Simu uso chini. Akina mama, asanteni, wekeni birika, wekeni vikombe. Na wewe mzee wangu, hilo andazi, liweke tu kwenye goti kidogo.

Akimaliza, msipige makofi.